Vidole Vitatu vya Mshono

Mjukuu wangu Mutheu,

Mimi nina miaka themanini. Nimezika ndugu zangu wote na mafundi wawili wa Tseikuru, na bado natunga sindano bila miwani. Hapa tuko salama, ni mvua tu imekataa.

Umeuliza, huko Wote unakojifunza kushona, mtu aache kitambaa kiasi gani ndani ya mshono. Acha vidole vitatu. Mwalimu akibisha, mwambie ni mimi nimesema.

Susu yako, mke wangu, alipougua alikonda mpaka nguo zikawa zinamteleza mabegani. Mamake alikuwa anakuja kutoka Mbooni kumwona, na susu yako hakutaka akutwe hivyo. Nikanunua pamba ya maua, nikampima kwa uzi, nikaketi kushona kwa mkono. Ndugu yangu akapita akicheka, "Sasa wewe tukuite mama nani?" Yeye hata kifungo hakujua kushona.

Nilipotaka kukata kitambaa kilichozidi ubavuni, susu yako akasema kutoka kitandani, "Wacha hiyo. Nikinona utanifungulia." Niliangalia mikono yake ilivyokonda, nikakiacha kile kitambaa.

Nguo ilimkaa sawasawa. Mamake alipomkumbatia alishika ule mshono mnene, akaniangalia. Nikamwambia, "Atanona." Akasema, "Ndio, atanona."

Susu yako tulimzika kabla mbaazi hazijakomaa. Hiyo nguo alikuwa amekataa tumzike nayo.

Kama unafikiri najisifu, muulize mama yako. Alipokua, ni yeye nilimfungulia huo mshono, akaivaa mpaka ikaisha.

Babu yako