Picha ya Wafinyanzi Imekuwa Nzito Kufunguka

Mpendwa Mshauri, naomba msaada wako ingawa kuomba si desturi yangu, kwa kuwa nilihitimu chuo kikuu mwaka jana, 1998, nimesoma mengi na sijazoea kushindwa kwa hoja, lakini mchumba wangu Pauline, mwalimu wa kompyuta Homa Bay, amenibana nami sijui nikubali ama nikatae. Niliwatengenezea akina mama wafinyanzi wa kwetu ukurasa wa intaneti, ili vyungu vyao, ambavyo kwa ulaini na ulinganifu sijaona mfano wake hata vitabuni, viuzwe ng'ambo, nikaweka juu kabisa picha ya mama wote kumi na wanane, kubwa kama ilivyotoka kwenye skana, na sasa mnunuzi wa Uholanzi ameandika kwamba alisubiri ifunguke hadi akachoka, na asipoviona vyungu kufikia Ijumaa atanunua kwingine. Nilipojaribu kuikata kandokando, mwenyekiti wao, Mama Marcella, aliyesimama mwisho wa mstari, aliniuliza, "Wuoda, mwanangu, unanitoa, kwani nimekufa?" Nikaacha. Pauline akasema, "Basi usimkate mtu, ipunguze yote." Nikamjibu kwamba sura ya mzee iliyofifizwa ni dharau ileile. Je, nimekosea?

Byron, Kendu Bay

Byron, umekosea, japo kwa sababu njema. Kijana anayewaonea fahari mama zake namna hiyo ananifurahisha, na kuacha kumkata Mama Marcella ulifanya vyema. Lakini sura gani unayoitetea, ikiwa mnunuzi hakuona hata moja? Laini zetu za simu na zake zinapitisha picha kidogokidogo. Hoja zako haziziongezi mwendo.

Punguza upana wa picha nzima utoshee kioo cha kompyuta, kisha uihifadhi kwa ubora wa wastani, faili isizidi kilobaiti thelathini. Vyungu navyo vipe picha ndogondogo. Anayetaka kubwa aibofye mwenyewe. Ile kubwa ya akina mama iweke ukurasa wa pekee, useme ni nzito. Ijaribu kwenye laini ya simu, si kwenye diski yako.

Nenda Homa Bay kesho, kwenye kompyuta za Pauline, ukiwa na Mama Marcella. Akijitambua kwenye kioo, mwandikie Mholanzi papo hapo. Halafu mwambie Pauline kwamba hoja yake ilikuwa bora, na neno "lakini" lisifuate.