Tabasamu la Mpiga Picha

Kipusa wangu,

Nguvu zimebaki za mistari michache. Unamkumbuka baba yako studio, akiwachekesha watoto waliokuja kupigwa picha: "Mzee, nionyeshe hilo pengo!"

Siku uliyomleta mchumba wako, uso wa baba yako ulikuwa mkavu, ukaondoka ukiamini amemkataa. Hakumkataa, mwanangu. Ulikuwa ugonjwa wa Parkinson: kilianza kidole kutetemeka, akaburuta mguu, kisha uso ukakakamaa. Asubuhi ile alijaribu kutabasamu mbele ya kioo cha kunyolea, akashindwa. Akaniambia, "Mama Kipusa, leo mgeni mtabasamie wewe, kwa niaba yangu."

Sikutabasamu. Aliyemkataa mchumba wako ni mimi. Ukamlaumu baba yako hadi akafa, nami nikanyamaza.

Mpe mumeo tabasamu hilo la baba yako. Lilikuwa lake, nami nimekaa nalo mno.

Mama yako