Mkono Ambao Sikuunyoosha

Mama,

Kitenge chako cha buluu, kile cha gauni, nimekifua leo asubuhi, nikakianika bafuni kwenye bomba la pazia, kama ulivyokuwa ukifanya. Kinadondosha maji tone moja moja. Mjukuu wako Rehema ameamka, akasikia maji, akadhani ni wewe unaoga. Alisimama mlangoni kidogo, kisha akarudi kitandani. Ndipo nikatafuta karatasi.

Barua zako kwa watu wa nyumbani ulikuwa unanitajia maneno, nami naandika. Kwanza salamu, halafu kuuliza afya ya kila mtu kwa jina lake, halafu mvua. Wewe sina cha kukuuliza. Nina neno moja la kukuambia, nimelibeba miaka mitano sasa. Ngoja nikupe habari kwanza, nipate nguvu ya kulifikia.

Yule mama uliyetaka awe rais wa Amerika ameshindwa. Ulituacha siku kumi na mbili kabla ya uchaguzi, kwa hiyo hukuona. Mimi nilisikia asubuhi, ndani ya gari la Papa Yosua, tukienda kazini kwenye lile ghala la viatu. Alizima redio, akacheka kidogo, akasema, "Bon, haya, hata Amerika imekataa. Sisi walitucheka bure kwamba hatuchagui wanawake." Wanaume wawili wa nyuma nao wakacheka. Nilikuwa natazama mikono yangu.

Unajua ulianza lini na habari ya mwanamke huyu? Ulipokuwa unasoma yale maswali mia ya uraia. Ulikuwa unayakariri jikoni ukiosha sahani, mimi nasahihisha. Siku moja ukaniambia nikuonyeshe picha za marais wote. Nikakufungulia kwenye simu. Ulivaa miwani, ukapitisha kidole juu ya kila uso, pole pole, mpaka wa mwisho. Ukauliza, "Na wanawake wako ukurasa gani?" Nikasema hakuna. Ukavua miwani. "Hata mmoja? Nchi kubwa hivi?" Siku nzima ulikuwa umenuna kama mtu aliyealikwa karamuni akakosa kiti.

Ulipokula kiapo cha uraia ulisema kura yako ya kwanza umeshajua ni ya nani. Hata yule bibi kizee mliyekuwa mkimwogesha kazini kwako ulimwambia, ukaniambia alikupigia makofi na sabuni mikononi.

Mwezi wa kumi ulitaka twende kupiga kura mapema. Ohio wanaruhusu, uliambiwa kazini. Mimi nikakataa. Nilikuambia, Mama, tungoje siku yenyewe, nitaomba ruhusa, twende pamoja na Rehema aone. Ulisema mtu mwenye presha hapangi mbali hivyo. Nikacheka. Nikakuambia usiseme maneno hayo. Halafu nikaongeza lile ninalolijutia. Nilikuambia, na tena usijichoshe sana kwa ajili ya huyo mama, hatashinda. Si kwamba hawezi. Watu hawatakubali.

Ulikuwa unapiga pasi kitenge hiki. Uliweka pasi chini, ukanitazama.

"Watu ni nani, Furaha? Wewe si mtu?"

Kisha ulikitundika nyuma ya mlango, tayari kwa siku hiyo. Kilikuwa bado kinaning'inia pale tuliporudi kutoka makaburini.

Siku ya kura nilikivaa mimi. Mabega yako yalikuwa mapana kuliko yangu, nilikishika kwa pini. Tulipiga foleni kwenye shule hapa Whitehall, pembeni ya Columbus, karibu na duka tulilokuwa tunanunua unga wa muhogo. Mwanamke mzee wa pale mezani alitafuta jina langu, akaliona, na chini yake akaliona lako, kwa sababu jina la babu waliliandika kwetu wote katika karatasi za kambi ya wakimbizi, na nyumba ni ile ile. Akaniuliza kwa upole kama huyu mwingine naye anakuja.

Nikasema, "Yuko nje."

Mama, sikupanga kusema hivyo. Lilitoka lenyewe. Yule mzee akainua macho kutazama mlango, akingojea. Nami pia nikageuka. Nikatazama mlango kabisa, kama mjinga. Kisha nikamwambia umekufa. Aliniacha nilie, foleni ikangoja, wala hakuna aliyelalamika. Nilipiga kura. Hawakuchovya kidole changu kwenye wino kama kwetu, wewe ungewauliza wino wao uko wapi. Walinipa stika ndogo. Iko ndani ya Biblia yako.

Unajua kwa nini nilisema uko nje. Sasa nafika.

Ni Buffalo, Mama, kabla hatujahamia huku. Ni ule ukumbi wa chini ya kanisa tulioazimwa, mwaka wetu wa pili Amerika, jumuiya yetu ikichagua rais wake. Ulikuwa umewatembelea wagonjwa wote wa mtaa wa East Side kwa miguu. Ulikuwa umewafundisha wanawake kupanda basi, kujaza fomu za shule, kuwasha jiko la gesi bila kuogopa. Wazee walipotaja jina la Mwalimu Elia, ukasimama mwenyewe ukasema, na mimi pia. Mtu mmoja akauliza kama unatania.

Desturi yetu ni kwamba mgombea hutoka nje ili watu waseme bila haya. Mkatoka wote wawili kwenye theluji. Mwalimu Elia akaingia ndani ya gari lake, akawasha moto, akakuita ukae. Ulikataa. Baadaye ulituchekesha ukisema, ningeingia wangesema tumeshapatana. Ukasimama kwenye ngazi, nyuma ya mlango, na shali kichwani.

Ndani wakasema, wanaomtaka Mwalimu wanyooshe mikono. Wakahesabu. Wakasema, wanaomtaka Mama Furaha.

Mama, sikunyoosha.

Sikunyoosha kwa Mwalimu pia, lakini hiyo si kitu. Niliketi katikati ya benchi la wanawake, Rehema mapajani, na mikono yangu nikaificha chini ya blanketi lake. Nilikuwa nasema moyoni, watu hawatakubali, watamtukana mama yangu, watasema nyumba yake haina mwanaume, afadhali ashindwe leo tupumzike. Hayo niliyasema. Lakini ukweli mwingine ni kwamba niliona haya. Niliogopa kuonekana mimi kwanza.

Na kuna baya kuliko hilo. Mama Sifa, jirani yangu kwenye benchi, alikuwa ameshainua kiwiko. Akanitazama. Alipoona binti yako hanyooshi, akakishusha. Wa pembeni yake akamtazama yeye, naye akashusha. Niliiona mikono ikirudi mapajani, mmoja baada ya mwingine, mpaka mwisho wa benchi. Hawakukukataa wewe, Mama. Walikuwa wananisoma mimi.

Mlipoitwa ndani ulimpongeza Mwalimu kwa mikono miwili. Tulipokuwa tunatembea kurudi nyumbani ukaniuliza kama wanawake walinyoosha. Nikasema wachache. Ukauliza, na wewe? Nikasema, mimi nilikuwa wa kwanza. Ukasimama pale barabarani, ukaishika mikono yangu, ukaisugua ndani ya yako, ukasema, "Ndiyo maana ina baridi hivi." Tukaendelea na safari. Hatukulizungumza tena mpaka ulipokufa.

Jumamosi iliyopita tulienda Louisville, kwa Mama Mdogo, kumaliza matanga. Nyumba yake ya mtaa wa Highview ilijaa, viatu vikafika mpaka kwenye ngazi. Waliimba vizuri. Kila mwanamke alisimama akasema jambo moja ulilomtendea. Zamu yangu ilipofika sikuweza. Mama Mdogo akanipeleka jikoni, akanipa maji, na pale, akiwa anamenya ndizi, nikamwambia yote kuhusu Buffalo. Sijawahi kumwambia mtu mwingine.

Hakuacha kumenya. Akasema, "Dada alijua."

Nikasema haiwezekani, alikuwa nje.

"Ule mlango ulikuwa na kioo, Furaha. Alikuona. Aliona na mikono mingine ikishuka." Akaniambia ulimpigia simu kesho yake, mkacheka sana habari ya gari la Mwalimu. Alipokuuliza juu yangu, ulimwambia tu, "Mwache. Alikuwa na baridi."

Miaka mitano, Mama. Ulinipikia, ulilea mtoto wangu nikienda kazini, ulihama nami kuja Columbus, ulinishonea nguo za kanisani, na ulijua. Uliniuliza barabarani ili unipe nafasi ya kusema, nami nikakudanganya, na ukaisugua mikono yangu. Nashindwa hata kuandika hapa. Ningependa ungenigombeza. Ungenigombeza mara moja tu, leo ningekuwa na kitu cha kushika.

Labda ulinigombeza. Labda ni siku ile ya pasi.

Rehema aliniuliza jioni ya siku ile baada ya uchaguzi, akila, kwa Kiingereza chake kama kawaida. Aliuliza, kwa hiyo msichana hawezi? Nikafungua mdomo kusema yale yale, kwamba watu hawatakubali. Nikaona kitenge chako kwenye kiti. Nikamwambia sijui, mwanangu. Nikamwambia kura ni mikono ya watu, na mtu anaweza kushindwa kwa sababu ya waliomchukia, na pia kwa sababu ya waliompenda wakakaa kimya. Akasema hiyo si haki. Tangu niliporudi kutoka Louisville nangoja siku nitakayomwambia kwamba mkono mmoja uliokaa kimya ulikuwa wa mama yake. Nitamwambia. Bado naogopa, lakini nitamwambia mwenyewe, asije akaambiwa jikoni na mtu mwingine.

Mwezi wa kwanza jumuiya ya hapa Columbus inachagua. Wazee wana mtu wao tayari. Mama Esta, yule msusi uliyempenda kwa uongo wake wa kuchekesha, anataka kugombea. Alikuja hapa juzi, akakaa kwenye kiti chako bila kujua, akaniambia anasita, donc, kwa hiyo, pengine watu hawatakubali. Nikamwambia, "Watu ni nani, Mama Esta? Wewe si mtu?" Akacheka, akauliza nimeyatoa wapi maneno hayo. Nikamwonyesha kiti alichokalia.

Sijui kama atashinda. Sijui kama mwanamke atashinda hapa, wala kule juu Washington, wala lini. Lakini hili nakuahidi. Watakapomtoa nje, nitakaa benchi la mbele, na kitenge chako mwilini, nimeshakipunguza mabega. Wakitaja jina lake nitanyoosha mkono kabla ya mwanaume yeyote kukohoa, juu kabisa, mpaka kwapa lionekane. Nitageuka niwatazame wanawake wote machoni. Na sitaushusha mpaka wamalize kuhesabu.

Pumzika sasa, mama yangu. Usisimame tena kwenye baridi.

Mimi ni mwanao,
Furaha