Watoto Watano, Presha Moja

Alhamisi, baada ya isha.

Presha imeshuka, kama mjukuu wangu Mwanaidi alivyotabiri.

Mpaka Jumatatu, watoto wangu watano walinipigia simu kila asubuhi, kila mmoja kwa wakati wake. "Shikamoo baba, mashine inasema ngapi?" Kila mmoja alitaka nijipime upya. Anayekaa Mapinga hakukiamini kipimo alichopewa anayekaa Mbegani.

Jumatatu hiyo Mwanaidi, anayesomea kompyuta, alikuwa akiilalamikia kazi yake. Kichakataji cha kompyuta kina viini vingi vinavyofanya kazi pamoja, lakini kihesabio kinachoipima kazi hiyo ni kimoja kwa vyote. Kila kiini kikienda kukisoma chenyewe, vinapanga foleni, na kompyuta inazorota kwa sababu ya kupimwa.

"Basi kiini kimoja kisome na kuandika mahali, vingine vitazame hapo," nilisema.

"Ndiyo dawa yenyewe, babu. Ila habari inakuwa ya zamani kidogo."

"Kidogo haidhuru."

Akautazama mkanda wa mashine ya presha mkononi mwangu. "Na wewe je, babu? Leo umepimwa mara ngapi?"

Nikaufungua mkanda, naye akasema nikipimwa mara chache presha itashuka. Tangu hapo yeye hunipima mara moja tu kwa siku na kukiandika kipimo kwenye kundi la familia.

Leo simu haikulia kabisa. Kipimo ni kizuri kuliko vyote vya mwezi huu. Nilitaka kumwambia mtu, lakini wote wameshakisoma.