Gunia la Vidonge vya Kuni kwenye Arobaini Yako

Mama yangu,

Jana nusura tuwalishe watu sumu kwenye arobaini yako.

Tangu ulipoanguka kanisani ukanyamaza palepale, tanuri lako la samaki halijawashwa. Nafika mlangoni, narudi. Basi Deo, kitindamimba wako, akaja kutoka Mpanda mjini na mashine ya kubanikia na gunia la vidonge vya kuni, yaani maranda ya mbao yaliyoshindiliwa. "Dada, Mama aliumia macho kwa moshi maisha yake yote. Tumuage kisasa."

Nikakubali. Kambale wakaiva, wakang'aa. Ila harufu yao, Mama, kama ya rangi! Nilikumbuka ulivyomfukuza muuza kuni aliyekuletea mbao za kitanda kibovu. "Rangi hailiwi!" ulimfokea. Nikaligeuza gunia. Mbele, kwa herufi kubwa: mti mgumu. Nyuma, herufi kama sisimizi: vya kupashia nyumba joto, vimechanganywa na mabaki ya samani, visitumike kwa chakula.

Kuinua macho, Mama Mdogo Skola anapeleka mnofu mdomoni. Nikampiga mkono. Mimi! Mbele ya katekista na jumuiya nzima! "Umerogwa?" akauliza. Nikaonyesha gunia tu.

Samaki wote tuliwafukia. Watu wakala ugali na maharage. Deo alijikunyata nyuma ya nyumba, analia. "Nilisoma mbele tu, dada." Ningemwambia nini, na vidonge tulimimina wote?

Leo tumelirudisha gunia. Muuzaji akashangaa: "Nyie ndio wa kwanza kusoma huko nyuma." Wa kwanza! Na waliotutangulia walikula nini, Mama? Alikuwa na gunia jingine, la kubanikia chakula: mti mmoja, umetajwa kwa jina, hakuna gundi, rangi wala manukato. Deo alisoma kila mstari kwa sauti, kidole juu ya neno. Tumelichukua hilo.

Siku ya gulio nitakwenda Kibaoni kuwaeleza wabanikaji wenzako, mmoja mmoja. Na tanuri lako nitaliwasha, nakuahidi, hata nikilia.

Mama Mdogo bado amenuna. Acha anune, ni mzima.

Lala, Mama.

Binti yako,
Regina