Mapigo ya Moyo wa Baba Yako

Mwanangu kipenzi,

Kwa heshima na taadhima nautangazia ukoo mzima kwamba baba yako, mtu wa kuletewa hata kijiko, sasa anapanda ngazi za ghorofa kwa hiari yake.

Unaikumbuka ile saa uliyomvalisha, inayotuma mapigo ya moyo wake hospitali na kwenye simu yako. Siku moja alipanda mbio, mapigo yakaruka, ukapiga simu huku unalia. Mkaongea mpaka chai ikapoa. Tangu hapo, akikukumbuka tu, namsikia huko kwenye ngazi anahema.

"Mzee, unamtisha mtoto!"

"Simtishi. Namwita."

Ningenyamaza, lakini jana daktari kapiga simu: kwa mapigo yale, kuanzia Jumatatu anamwongezea dawa ya moyo. Nikamweleza habari za ngazi, akasema mashine haidanganyi. Baba yako naye anaona haya kukiri. Tafadhali mama, zungumza na daktari wewe, atakusikiliza. Halafu uwe unampigia mzee wako hata akiwa amekaa kitako.

Moyo wake hauna neno. Kilichovimba ni goti.

Akupendaye,
Mama