Saa Tatu Hadi Saa Tano

Jumatatu, 8 Septemba
Saa tatu kasorobo. Kuku nimewafukuza, godoro nimeliegemeza dirishani, mlango nimetia komeo. Nimeingia kazini. Kazini ni kitandani kwangu, nimejifunika kanga ya mke wangu kichwani ili sauti isigonge mabati. Zamani zile nakwea minazi, wangenikuta hivi wangeniitia mganga.

Kazi yenyewe: simu inanionyesha sentensi, naisoma, inaichukua. Kuna watu huko mbali wanaifundisha mashine Kiswahili cha pwani. Mimi nimeishia darasa la tano, na mama alisema mdomo huu utanifikisha pabaya. Umenifikisha kazini. Leo nimesoma "Twiga hapandi ngazi" mara sita. Jogoo wa Bi Saumu, jirani yangu, kaijibu mara zote sita.

Msimamizi ni msichana wa Nairobi, Wanjiru. Hatujaonana, ananiandikia tu. Sharti lake: nisome muda wa saa mbili kila siku isipokuwa Jumapili, wakati ule ule, mpaka mwisho wa mwezi. Siku nilizokosa zikitimia tatu, nimetolewa. Nimechagua saa tatu hadi saa tano. Kabla yake kuna watoto wa shule, baada yake kuna mashine ya kusaga. Magoti yamekataa minazi. Hii nayo ikiniponyoka, iliyobaki ni kungoja chakula na kungoja kufa.

Jumanne, 9 Septemba
Sikusoma. Juma Mwachiti amekuja saa tatu, kama ajavyo tangu tulipokuwa tukikwea pamoja. Kahawa kwanza, kusengenya baadaye. Jumanne na Ijumaa humshika mkono mpaka zahanati akaoshwe kidonda cha mguu. Ana sukari, macho yamefifia, na anamwogopa nesi kuliko Munkari na Nakiri wa kaburini. Vidonda huoshwa asubuhi tu. Njia nzima namwambia mguu wake unanuka kama samaki ng'onda aliyenyeshewa. Naye ananiambia hiyo ni pumzi yangu inanirudia.

Siku moja imekwenda.

Jumatano, 10 Septemba
Balaa. Hapa kijijini Munje mlango haufungwi mchana ila ndani mna mgonjwa au maiti. Saa nne Bi Saumu kanisikia naongea peke yangu kuhusu twiga. Saa nne na robo ua umejaa wanawake, uji wa pilipili umefika, mwalimu wa madrasa yuko katikati ya Yasini. Mke wangu Mwanamisi analia nao, na asubuhi nilimweleza! Nimetoka na kanga kichwani nikauliza nani amekufa.

Uji nimeunywa. Siku ya pili imekwenda. Imebaki moja.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimesoma. Baada ya alasiri nikawatangazia watu barazani: saa tatu mpaka saa tano mimi sipo, hata nikiwapo.

Juma akauliza, "Na ukifa saa nne, tungoje itimie saa tano ndipo tukuzike?"

"Ngojeni. Nimalize sentensi."

Wakacheka wote. Kisha akaniuliza polepole, "Na zahanati?" Nikamwambia mkaza mwanawe ampeleke. Akasema kesho atampeleka, lakini kesho tu. Anauza samaki mjini Ukunda, akikosa asubuhi amekosa wateja. Nikasema, tutaona. Sikuwa na nia ya kuona chochote.

Jumamosi, 13 Septemba
Siku tatu mfululizo. Wanjiru ameandika: "Mzee uko sawa kabisa, endelea hivyo hivyo." Sijawahi kusifiwa kwa maandishi. Nimemwonyesha Mwanamisi. Kaniambia nikamtoe mbuzi kwenye mihogo.

Jumanne, 16 Septemba
Juma amekuja.

"Hodi." Nilikuwa katikati ya sentensi. Nikabana pumzi.

"Hodi, we kikongwe." Nikabana.

"Hodi." Ya tatu ilikuwa ya chini. Tulifundishwa hivyo utotoni: mara tatu, usipoitikiwa rudi zako bila kinyongo. Nimeisikia fimbo yake ikienda mpaka ikapotelea mchangani.

Kutoka kitandani hadi mlangoni ni hatua nne. Ningefungua, siku ya tatu ingekwenda na kazi nayo. Nikajiambia atapata mtu wa kumshika mkono. Najua hakuna mtu. Nimesoma mpaka saa tano.

Jumatano, 17 Septemba
Wanjiru: "Hii ya arobaini na mbili iko na mtu anaongea nyuma. Irudie." Nimeisikiliza. Ni Juma, hodi zake zote tatu, na kikohozi. Simu ya watu wa mbali imemsikia vizuri kuliko mimi.

Nimeirudia. Safi sasa.

Ijumaa, 19 Septemba
Juma hakuja. Nimesoma vizuri sana.

Jumapili, 21 Septemba
Leo sina kazi, nimekwenda kwake. Mkaza mwanawe kanipokea mlangoni.

"Shikamoo ami. Hajaoshwa tangu Ijumaa ile. Namwambia twende, ananijibu mwenzake yuko kazini, atamngoja amalize mwezi."

Nimefunua shuka. Weusi umepita kifundo. Nikafanya mzaha, sikumbuki upi. Hakunirudishia. Miaka yote hii hajawahi kuniachia mzaha ukalala.

Gari la jirani litapatikana Jumanne limpeleke hospitali ya Msambweni. Nikasema nitakwenda naye.

Juma akasema, "Linaondoka saa tatu."

Nikamfunika tena shuka. Akageukia ukutani.

Jumanne, 23 Septemba
Gari limepiga honi mara moja mbele ya mlango wangu. Nimengoja honi iishe, nikaanza sentensi upya.

Mimi ni mtu wa namna hiyo. Naandika nijue.

Alhamisi, 25 Septemba
Wamemkata chini ya goti. Mwanamisi ndiye aliyeniambia, kisha akaniwekea chai akatoka. Nimesoma leo pia. Sauti haikutetemeka. Ningependa itetemeke.

Jumapili, 28 Septemba
Nimefika wodini na machungwa. Juma kanitambua kwa kikohozi changu.

"Kaa hapo miguuni. Nafasi ipo sasa."

Nikacheka, kwa kuwa ni yeye aliyesema. Yeye hakucheka. Nikamwambia, "Nilikusikia siku ile, Juma. Zote tatu."

"Najua. Kitanda chako kililia ulipojizuia." Akamenya chungwa kwa vidole, taratibu. "Si neno. Ulikuwa kazini."

Angenitukana ningelala usingizi.

Jumanne, 14 Oktoba
Mwezi ulikwisha na sikutolewa. Wanjiru ametuma kazi nyingine, wakati ule ule. Sikumwandikia kwamba nimechoka. Nina nini kingine?

Juma karudi nyumbani. Mkaza mwanawe ameacha samaki, anamsukuma kwa mkokoteni kwenda zahanati. Njia fupi inapita mlangoni kwangu. Leo nimechungulia kwenye ufa. Walipofika kwenye kona wakasimama. Juma akanyoosha mkono, wakazungukia nyuma kwa Bi Saumu, kwenye mchanga mwingi, magurudumu yakizama, ili wasinipigie kelele.

Saa tatu nimeanza. Saa tano nimemaliza. Hakuna sentensi iliyokataliwa.